Mfalme Asiye na Msalaba

Kila Jumapili jioni mwanangu hung'arisha viatu vyake vya shule barazani, na kila akifungua kopo la rangi nyeusi mimi huacha ninachokifanya. Wengine harufu ile huwakumbusha shule. Mimi hunirudisha uani kwetu Temeke, kwa baba, aliyekuwa akipaka rangi ya viatu kwenye kete za sataranji ili mpingo uwake. Harufu huja na hasira, na kwa miaka yote hii hasira hiyo haijapata mtu wa kumwangukia isipokuwa mimi mwenyewe. Nimejaribu kuieleza mara kadhaa na kila mara nimeanzia mahali pasipofaa. Safari hii nitaanzia mwanzo.

Baba alikuwa mchongaji. Alikuja Dar kutoka Newala na patasi tatu na tezo moja, akapanga vyumba viwili, na nilipopata akili nilimkuta uani chini ya kipande cha bati, miguu ameinyoosha, mti umebanwa kati ya nyayo zake. Wenzake walichonga vinyago vya watu waliobebana. Yeye alichonga sataranji, kwa sababu mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Bwana Pius alimletea siku moja kete sita za plastiki, moja ya kila aina, akamwambia, "Hizi wageni wanazipenda, nichongee seti." Zaidi ya idadi na rangi hakumweleza kingine. Kwa hiyo baba alizijua kete bila kuujua mchezo. Alijua zinatakiwa thelathini na mbili, kumi na sita za mpingo na kumi na sita za mti mwingine mwepesi wenye rangi ya maziwa, ambao aliununua kwa mtu wa Buguruni. Zinatembeaje, nani anamla nani, hakuwahi kuuliza.

Majina alizipa mwenyewe, kwa umbo. Ngome aliiita kinu. Farasi alikuwa shingo. Askofu alikuwa mpasuko, kwa ule mkato wa kichwani. Malkia alikuwa taji, mfalme alikuwa msalaba, na wale askari wanane wadogo walikuwa watoto. "Leo nimemaliza watoto," alikuwa akimwambia mama wakati wa kula, "wawili wamepasuka vichwa." Jirani mpya aliwahi kumvuta mama pembeni amuulize kama mumewe ni mzima.

Mimi nami nilikuwa na elimu yangu. Shingo moja ilimchukua baba siku nzima na robo ya pili, kwa ajili ya masikio na manyoya ya shingoni. Msalaba ulikwisha kabla ya adhuhuri. Nikahitimisha kwamba mkubwa wa kete zote ni farasi, kwa kuwa ndiye aliyehangaisha zaidi, na kwamba mfalme ni mtu wa kawaida aliyevaa vizuri.

Kete iliyoharibika haikuuzwa. Farasi aliyekatika sikio, kinu chenye fundo la mti ubavuni, mtoto aliyepasuka kichwa, wote walitupwa kwenye ndoo ya rangi iliyokatika mpini, na ndoo ile ilikuwa yetu. Kaka yangu Festo hakuitaka. Yeye alikuwa mtu wa drafti, kijiweni, kwa vizibo vya soda, upande mmoja vimelala kifudifudi na mwingine chali. Nilipomfuata huko nilijifunza sheria moja kabla ya nyingine zote, kwa sababu ndiyo iliyopigiwa kelele zaidi: kula ni lazima. Ukiachiwa kete mbele yako, hata kama unaona kabisa kwamba ni mtego, utaila.

"Rudisha, kula kwanza."

"Sijaiona, braza."

"Hujaiona au unaikwepa? Kula, mwanangu, kula ushibe, halafu uone."

Na aliyekula akaliwa tatu kwa mpigo, na kijiwe kizima kikacheka.

Sataranji yenyewe niliikuta shuleni. Alikuja mwalimu kijana kutoka Bukoba, Madam Neema, mwenye ubao wa kukunja na seti moja ya plastiki, akatangaza kwamba kila Jumatano baada ya masomo atafundisha anayetaka. Tulienda wengi kuliko madawati. Alitufundisha kete moja kila wiki, kwa utaratibu uliotuudhi. Wiki ya ngome, inayokwenda wima na mlalo. Wiki ya askofu, anayekwenda kwa kukata kona na kubaki kwenye rangi yake mpaka kufa. Wiki ya farasi, anayeruka vichwa vya watu, mbili mbele na moja kando. Hakuna kucheza mpaka tuzijue zote sita.

Katikati ya masomo alitupa historia. Alisema mchezo ulianzia India, ukachukuliwa na Waajemi, Waarabu wakaupokea na kuueneza, na ndiyo maana jina tunalotumia pwani lilipita kwao kabla ya kutufikia. Huko zamani aliyesimama pembeni ya mfalme hakuwa malkia. Alikuwa waziri, na alitembea hatua moja tu, mshazari, kama mzee mwenye baridi yabisi. Askofu alikuwa tembo. Mchezo ulipofika Ulaya waziri akageuzwa malkia, na baadaye akapewa mbio za kwenda popote.

"Kwa hiyo mwanamke alipewa nguvu kuliko mfalme?" aliuliza Shabani, mtoto wa muuza chipsi.

"Nguvu kuliko mfalme. Lakini akiliwa yeye, mchezo unaendelea. Mfalme akikosa pa kwenda, mchezo umekwisha."

"Akishakosa, analiwa?"

"Haliwi. Mfalme haliwi kamwe. Unamfungia tu."

Shabani alinigeukia. "Mchezo gani huu, kete moja ina mjomba polisi?"

Nilipomweleza baba kwamba msalaba ndiye mkubwa wa wote, aliacha tezo. "Huyu?" alisema. "Huyu mbona ndiye rahisi." Alionekana kudhulumiwa kwa niaba ya farasi.

Shida ilikuwa seti. Moja, na sisi kama arobaini. Madam Neema akasema atakayeleta seti yake kamili atacheza kila Jumatano bila foleni, yeye na atakayemchagua. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Kamili," alirudia akinitazama. "Thelathini na mbili. Sitaki kizibo kwenye ubao wangu, sitaki betri ya redio. Mtu akiona kizibo anafikiri kizibo."

Jioni ile niliimwaga ndoo uani na kuihesabu. Nilikuwa na watoto wa kutosha pande zote mbili, maana hao ndio walioharibika zaidi. Nilikosa kete sita. Nilianza kusubiri, na kusubiri kwangu kulikuwa kwa aina mbaya: nilikaa karibu na baba akichonga, nikimtazama mikono, nikiomba akosee. Alipokosea mpasuko mweusi nilifurahi. Shingo nyeupe ilipokatika pua nilikimbia nayo kabla hajaitupa. Baba alicheka, akasema nimekuwa kama paka wa buchani. Mvua za masika zilipokwisha nilikuwa na thelathini na moja. Ilibaki moja, mfalme mweupe.

Na mfalme mweupe hakuharibika. Baba aliwachonga wafalme mwisho, asubuhi, mkono ukiwa haujachoka, na msalaba wa juu aliukata kwa kisu kidogo alichokinoa kwa ajili yake tu. Seti moja ikapita, ya pili, ya tatu. Kila Jumatano nilisimama nyuma ya wenzangu nikichungulia ubao kupitia mabega yao, mimi, mtoto wa mtu anayechonga sataranji. Nilimwomba baba anichongee mmoja. Alisema ule mti mweupe umehesabiwa, vipande kumi na sita kwa seti, na wa akiba ni wa watoto. "Subiri," alisema. "Ataharibika tu." Sijui kwa nini neno lile halikunitosha.

Ilikuwa Alhamisi, nimetoka shule. Kete thelathini na mbili zilikuwa zimepangwa juu ya khanga kuukuu zikikauka, nyeusi zimepakwa rangi ya viatu, nyeupe zimepakwa nta. Bwana Pius angezifuata saa kumi na moja. Mama alikuwa gengeni, Festo kijiweni. Baba aliinuka, akajinyoosha mgongo, akachukua sabuni.

"Mama," aliniita, kama alivyoniita siku zote mimi binti yake, "niangalizie kuku wasipite hapa."

Akaenda bafuni kuoga.

Mfalme mweupe alikuwa mwisho wa mstari, karibu na goti langu. Nakumbuka nilivyofikiri, na nilifikiri kwa neno hilihili: nimeachiwa. Hapo hapakuwa na kuchagua. Tena niliamini sitamdhuru mtu. Nilikwisha kumwona baba akiharibu watoto mara ngapi? Hutema mate pembeni, hutupa, huchukua kipande kingine. Atamtupa huyu, atachonga mwingine kesho asubuhi, na mimi nitakuwa na thelathini na mbili. Nilimchukua, nikauegesha msalaba wake kwenye ukingo wa ngazi ya saruji, nikabonyeza kwa kiganja. Ulitoa sauti ndogo, kama njiti ya kiberiti. Nikamrudisha mahali pake, nikaulaza msalaba pembeni yake, nikamfukuza kuku ambaye hakuwepo.

Uongo wangu ulikuwa tayari. Ningesema ni kuku. Nilikwisha kuamua hata rangi yake.

Baba alirudi na msuli wake wa bluu, maji yanamdondoka, akaona. Hakuniuliza. Hilo ndilo nisilolimeza mpaka leo: nilikuwa na jibu, na swali halikuja. Alichuchumaa, akamchukua mfalme, akamsogeza karibu na macho, akamweka mbali, akamgeuzia jua.

"Kulikuwa na ufa," alisema. Alikuwa akijisemea. "Nimepaka nta juu ya ufa. Sikuuona."

Bwana Pius alipofika, baba angeweza kumwambia lolote. Angesema seti haijakauka, arudi kesho. Alimwambia alichokiamini.

"Macho yamechoka, Bwana Pius. Nimekaribia kukupa kitu kibovu."

"Ah, mzee, kete moja tu."

"Moja niliyoiona."

Mgeni aliyeagiza seti alikuwa anasafiri kesho yake. Bwana Pius aliondoka mikono mitupu, kwa heshima, bila neno baya. Festo aliporudi na kusikia, alishangaa. "Si uchonge mwingine tu, baba? Mbona watoto unawarudiaga kila siku?"

"Mtoto akiharibika, nimemwona akiharibika. Huyu ameharibika sina habari. Hayo si mambo sawa."

Kisha akanigeukia na kunipa mfalme. "Chukua. Si ulikuwa unamsubiri?"

Nimeigeuza sentensi ile pande zote kutafuta kama ilikuwa na kitu ndani yake. Haikuwa na kitu. Alikuwa baba anayempa mwanawe kete.

Jumatano nilikwenda na mfuko wangu. Madam Neema alizipanga mwenyewe, moja moja, akafika kwa mfalme mweupe akasita.

"Huyu amepatwa na nini?"

"Amevunjika msalaba, madam."

"Mfalme hata akivuliwa taji ni mfalme. Kaa. Chagua mwenzako."

Nilimchagua Shabani. Ulikuwa mchezo wangu wa kwanza mzima, na ulikuwa aibu. Kila kilichoachwa wazi nilikila, na yeye akala. Malkia wangu alimla askari aliyelindwa, akaliwa. Ngome yangu ikala, ikaliwa. Kwa dakika chache ubao ulibaki kama sahani iliyolambwa. Madam Neema alivumilia, halafu akashindwa.

"We, mtoto. Malkia mzima kwa askari mmoja? Kwa nini?"

"Niliachiwa, madam."

"Umeachiwa, ndiyo ukale?"

"Kula ni lazima."

"Nani kasema?"

Darasa zima lilimjibu, kwa sauti moja, "Kula ni lazima!" Alitutazama kama watu waliovaa viatu mikononi. Yeye hakuwahi kucheza drafti maishani mwake; alipowaona wenzangu wakikulana hovyo alidhani ni ugeni, na haikumpitia akilini kwamba sisi sote tulikuja na sheria moja kutoka vijiweni, na kwamba kwa wiki zote zile tulijifunza mienendo ya kete huku ile sheria imekaa chini yake. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akachukua chaki akaandika kwa herufi kubwa: KULA SI LAZIMA.

"Kwenye huu mchezo hakuna anayekulazimisha," alisema. "Mwenzako akikuachia, unaweza kuiacha. Ukila, umechagua wewe."

Wenzangu walinung'unika kwamba mchezo umeharibika utamu. Mimi nilikaa namtazama mfalme wangu mweupe na kichwa chake kilichokatika, na sikutaka tena kucheza.

Nilirudi nyumbani nimeazimia kusema. Baba alikuwa uani anachonga mwiko.

"Baba."

"Naam, mama."

"Mfalme..."

"Amekubaliwa?"

"Amekubaliwa."

"Vizuri," alisema, akaendelea na mwiko, na mimi nikaenda kuvua sare.

Ndivyo ilivyokuwa. Sataranji haikuchongwa tena kwetu. Bwana Pius aliagiza mara moja zaidi, baba akakataa mwenyewe, akamtajia mchongaji mwingine. Akabaki na miiko, pawa na vitana. "Mwiko hauhitaji macho," aliwaambia watu, na watu wakaanza kumpa pole, na pole zile zikamzeesha. Mama alimpeleka hospitali. Wakampima, wakasema macho ni ya mtu wa umri wake, wakampa miwani ya kusomea. "Daktari mwenyewe mtoto," alisema baba, na miwani akaiweka kwenye kopo la misumari. Kisu kidogo cha misalaba alimpa mama awe anatolea nazi kwenye kifuu. Nilikitazama kisu hicho jikoni kwa miaka, kikipungua, na kila siku nilisema kesho nitasema. Mtu mzima ataniuliza ilikuwaje hata nikashindwa. Sijui. Kila siku iliyopita iliifanya inayofuata kuwa nzito zaidi, na baba hakunisaidia hata siku moja kwa kunishuku.

Sasa anakaa kwangu Mbagala, mama alikwisha kututoka, na macho yake kweli hayaoni vizuri. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili na anaogopa kupasuliwa. Wiki chache zilizopita, harufu ya rangi ya viatu ikiwa bado imejaa barazani, nilichukua mfuko wa kete, nikaketi karibu naye, nikamwekea mfalme mkononi.

"Msalaba," alisema mara moja. Kidole gumba kikapanda mpaka kichwani, kikasimama. "Ni yule."

"Ni yule. Baba, nilimvunja mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Ulikwenda kuoga, uliniambia niangalie kuku. Nilimbonyeza kwenye ngazi ili nimpate wa shule."

Alicheka polepole, kwa upendo. Afadhali angenipiga.

"Mama, usinifariji. Mimi ni mzee, si mtoto."

"Sikufariji."

"Ufa ulikuwepo. Nauona mpaka leo."

"Huuoni, baba. Hata mimi hapa hunioni vizuri."

"Nisiyoyaona ni ya leo. Ule nauona."

Nilipandisha sauti. Mwanangu aliacha brashi akatutazama. Nilitaja khanga, nta, sabuni, msuli wa bluu, nikazipanga kama mtu anayetoa ushahidi, na kila nilichokitaja yeye alitikisa kichwa kukubali, na hakikunisaidia kitu.

"Unaukumbuka hata msuli," alisema. "Unaona? Ulikaa pale ukaniona ninavyoumia, ukaubeba. Watoto hubeba mambo ya wazazi wao mpaka wakadhani ni yao. Uweke chini."

Ushahidi wote nilikuwa nao, na hakimu alikuwa ameamua kujihukumu mwenyewe, zamani sana, na kifungo alikwisha kukitumikia.

"Hebu nionyeshe mchezo unavyochezwa," alisema, labda ili anitulize. "Nimechonga seti zote zile, sijacheza hata mchezo mmoja."

Nikapanga. Nilimpa nyeupe. Alizijua kwa vidole, kinu, shingo, mpasuko, na alisikiliza mienendo yake bila kuuliza mara mbili. Aliisogeza kete kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kuikwaruza. Zamu ya sita au ya saba akaitoa ngome yake nje, peke yake, mbele ya askofu wangu. Nilikwisha kuona kwamba nyuma yake ameacha farasi anayengoja.

"Kula," alisema, akitabasamu kama Festo wa kijiweni.

"Sili, baba."

"Kula, umeachiwa."

"Huku kula si lazima."

Tabasamu likamwisha. "Si lazima?"

"Si lazima. Unaweza kuiacha."

Alifikiri. Kiganja chake kilikuwa kimemfunika mfalme mweupe, na kidole gumba kilikuwa pale palipokuwa na msalaba, kinapapasa.

"Basi anayekula, amependa mwenyewe."

"Amependa mwenyewe."

"Hawezi kusema aliachiwa."

"Hawezi, baba."

Mwanangu alikwisha kurudi kwenye viatu vyake, tulisikia brashi. Baba hakunitazama, na hata angenitazama asingeona kitu. Kidole kiliendelea kupapasa, kikaacha.

"Basi drafti ina huruma," alisema, akangoja nicheze.